Kutoka Moto wa Igitaramo hadi Taa za Jukwaani: Historia ya Mwanga katika Ngoma na Dansi Jijini Kigali

Ikisiri

Maelezo ya ngoma za Afrika Mashariki kwa kawaida huanza na wimbo, mapigo, hatua na maleba. Mwanga, ambao ndio unaomwezesha mtazamaji kuyaona hayo yote, hutajwa kwa nadra. Makala haya yanafuatilia historia ya mwanga katika ngoma na dansi za Rwanda, kuanzia uwanja wa kasri la Nyanza hadi majukwaa ya Kigali ya leo. Hoja yake ni kwamba mwanga ni sehemu ya utunzi wa mchezaji, na kwamba kila badiliko la chanzo cha mwanga limebadilisha uhusiano kati ya anayecheza na anayetazama. Kwa hiyo, uhifadhi wa ngoma usiorekodi mwanga huhifadhi nusu ya kazi. Makala yanaonyesha pia kwamba Kiswahili na Kinyarwanda vina mizizi ya pamoja inayotosha kuundia istilahi za fani hii.

1. Utangulizi

Mwezi Desemba 2024, katika kikao kilichofanyika Asunción, Paraguay, ngoma ya Intore ya Rwanda iliingizwa katika Orodha Wakilishi ya UNESCO ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Hatua hiyo iliipa ngoma hiyo heshima ya kimataifa, lakini pia iliibua swali la kiutendaji: kinachohifadhiwa ni nini hasa? Hatua za miguu zinaweza kuandikwa, mapigo ya ngoma yanaweza kunakiliwa, na maleba yanaweza kuwekwa katika makumbusho. Hata hivyo, Intore anayecheza alasiri katika uwanja wa wazi na Intore yuleyule anayecheza usiku ndani ya ukumbi, chini ya taa za rangi, hawaonekani sawa, na yumkini hawachezi sawa.

Katika makala haya, neno “ngoma” limetumika kwa uchezaji wa jadi, na “dansi” kwa utunzi wa kisasa wa jukwaani. Kwa kuwa Kigali ni mji mchanga, ulioanzishwa mwaka 1907 na kufanywa mji mkuu wakati wa uhuru mwaka 1962, historia ya mwanga wake haiwezi kuanzia Kigali kwenyewe. Inaanzia Nyanza, kusini mwa nchi, kulikokuwa na makao ya mfalme.

2. Jua la uwanjani na moto wa igitaramo

Neno “intore” lina maana ya walioteuliwa. Vijana walichaguliwa na kuingizwa katika itorero, mahali walipofunzwa ushairi, adabu, mbinu za vita na uchezaji. Walicheza katika viwanja vya wazi mbele ya mfalme na wageni wake. Maleba yao yanadhihirisha kwamba yalibuniwa kwa ajili ya mwanga wa mchana. Umugara, yaani kofia yenye manyoya au nyuzi ndefu nyeupe zinazofanana na singa za simba, hunasa jua na kulirudisha machoni pa mtazamaji kila mchezaji anapozungusha kichwa. Mkuki na ngao ndogo huongeza mistari myembamba inayokatiza hewani. Amayugi, njuga zinazofungwa miguuni, husikika, lakini vumbi linaloinuka kwa kishindo cha miguu huonekana vizuri zaidi jua linapokuwa limeinama.

Jambo hili lina msingi wa kijiografia. Rwanda iko chini kidogo ya ikweta. Adhuhuri jua hukaribia utosi, na kivuli cha mchezaji hujikusanya chini ya nyayo zake. Uso hupata giza machoni na kiwiliwili hupoteza umbo. Alasiri mwanga hutoka ubavuni, nao huchonga misuli, hurefusha vivuli na kuonyesha kina. Mchezaji wa uwanjani hakuwa na swichi, lakini alikuwa na saa ya siku na upande wa kuelekea, na hivyo viwili vyatosha kuitwa zana.

Sambamba na uwanja wa mchana palikuwa na igitaramo, mkusanyiko wa jioni ambamo watu hukaa pamoja kwa masimulizi, ushairi, nyimbo na uchezaji. Mwanga wa igitaramo ulikuwa moto. Moto una sifa tatu ambazo jua halina: huangaza kutoka chini, hutikisika, na hufika umbali mfupi tu. Anayeusogelea huonekana, anayejitenga nao humezwa na giza. Aidha, moto huwaangaza wote kwa kipimo kimoja. Msimulizi, mchezaji na wasikilizaji walionana nyuso, na kicheko cha mzee aliyeketi upande wa pili kilikuwa sehemu ya onyesho kama ulivyokuwa wimbo wenyewe. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyopotea zaidi baadaye, na ndiyo iliyoandikwa kidogo zaidi.

3. Kamera na upendeleo wake wa mchana

Sababu mojawapo ya uhaba huo wa maandishi na picha ni chombo kilichotumika kurekodi. Msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipofika katika kasri la Mfalme Yuhi V Musinga mwaka 1907, ulibeba kamera, na picha zake za vijana wakiruka juu zilienea Ulaya. Kamera za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi ili kunasa mwili unaojongea. Kwa hiyo zilichagua uwanja, mchana na miruko. Uchezaji wa karibu na moto haukuwa na nafasi mbele ya lenzi kama hizo.

Filamu iliendeleza upendeleo huo. *King Solomon’s Mines*, filamu ya Marekani ya mwaka 1950, ilipigwa katika maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki na ya Kati, ikiwemo Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji, na wachezaji wa kasri walionekana ndani yake. Ilipigwa kwa mfumo wa rangi wa Technicolor, uliohitaji mwanga mkali kuliko filamu nyeusi na nyeupe. Mpigapicha wake, Robert Surtees, alipata Tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa rangi. Tuzo hiyo, kwa namna fulani, ilikuwa pia tuzo ya jua la nyanda za juu na nyuzi nyeupe za umugara zilizolipokea.

Athari ya jambo hili ni ya kihistoria. Kumbukumbu ya picha iliyorithiwa kuhusu ngoma ya Rwanda ni kumbukumbu ya mchana, ya wanaume na ya uwanja. Mtafiti anayeitegemea peke yake atahitimisha kwamba usiku haukuwa na ngoma, ilhali neno igitaramo lenyewe linashuhudia kinyume chake.

4. Umeme, ukumbi na giza la watazamaji

Mwaka 1959 kituo cha umeme wa maji cha Ntaruka, kati ya maziwa ya Burera na Ruhondo kaskazini mwa nchi, kilianza kazi kikiwa na uwezo wa megawati 11.25. Mwaka 1982 kilifuatwa na kituo cha Mukungwa chenye megawati 12. Baina ya miaka hiyo miwili, mwaka 1974, iliundwa Ballet ya Taifa, inayojulikana kwa jina la Urukerereza. Ngoma ambazo zamani ziligawanyika kati ya kasri, vilima na koo sasa ziliwekwa pamoja katika onyesho moja lenye mwanzo, katikati na mwisho, la kutumbuizia wageni wa serikali na hadhira za nje ya nchi. Onyesho la namna hiyo lilihitaji ukumbi, na ukumbi ulihitaji taa.

Ukumbi ulileta kanuni yake kuhusu mwanga, na kanuni hiyo ilikuwa na historia ya Ulaya na Marekani. Loïe Fuller, mchezaji wa Kimarekani aliyepata umaarufu Paris kuanzia mwaka 1892, alionyesha kwamba taa za rangi zikielekezwa kwenye kitambaa kinachopepea zinaweza kuwa dansi zenyewe. Adolphe Appia wa Uswisi alifundisha kwamba mwanga unapaswa kuuchonga mwili jukwaani badala ya kuangaza tu mandhari yaliyochorwa. Baadaye Jean Rosenthal, aliyeshirikiana kwa miaka mingi na Martha Graham, aliimarisha matumizi ya taa za ubavuni, ambazo leo ni msingi wa uangazaji wa dansi duniani. Mafundisho ya Appia na Rosenthal yanakutana na lile ambalo jua la alasiri lilikuwa likilifanya katika viwanja vya Rwanda: mwili wa mchezaji huonekana vizuri unapoangazwa kutoka ubavuni.

Hata hivyo, si kila kitu kilichokuja na ukumbi kilifaa. Taa za mbele, ambazo ndizo rahisi kufunga, huubapisha umugara na kuufanya uonekane kama pamba. Taa za nyuma, kinyume chake, huwasha kila uzi. Katika umushagiriro, ngoma ya wanawake ambamo mikono huinuliwa kufuata umbo la pembe za ng’ombe wa inyambo, mwanga wa nyuma huifanya mikono kuwa mstari mmoja safi, lakini huuficha uso, na katika ngoma hiyo utulivu wa uso ni sehemu ya adabu inayosifiwa. Uamuzi wa mahali pa kuweka taa, basi, ni uamuzi kuhusu kipi katika ngoma ni cha msingi. Mara nyingi uamuzi huo huachiwa fundi ambaye hakuulizwa wala hakuelezwa.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa giza la watazamaji. Katika ukumbi mtazamaji huzimiwa taa. Anaona bila kuonekana. Mchezaji aliyezoea kuitikiwa kwa macho, makofi na vigelegele sasa anacheza mbele ya ukuta mweusi. Uhusiano wa igitaramo, ambamo moto mmoja uliwaangaza wote, ulivunjwa na swichi moja.

Umeme huo nao haukuwa wa kutegemewa. Mwaka 2004 kina cha maji ya Burera na Ruhondo kilishuka mno, kwa sababu ya upungufu wa mvua, kukaushwa kwa sehemu za bwawa la Rugezi linaloyalisha maziwa hayo, na matatizo ya uendeshaji wa vituo. Kigali ikaingia katika mgawo wa umeme, na jenereta zikawa sauti ya mji. Mwaka uliofuata Rugezi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na ulinzi wake ukaimarishwa. Mfano huu unastahili kuzingatiwa na watunga sera, kwa sababu taa ya jukwaani jijini Kigali ina mzizi wake katika bwawa la mafunjo. Onyesho lenye taa 40 za aina ya zamani, kila moja ikiwa ya wati 1,000, linahitaji kilowati 40 zikiwashwa zote pamoja. Taa za LED zimepunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa, lakini rangi zake, zisipochaguliwa kwa uangalifu, huweza kuibadilisha ngozi nyeusi kuwa ya kijivu au ya samawati.

Kumbi nazo zilikuwa chache. Rwanda ilipovunja uhusiano wa kidiplomasia na Ufaransa Novemba 2006, kituo cha utamaduni cha Franco-Rwanda jijini kilifungwa, na mwaka 2014 jengo lake likabomolewa. Wasanii walijitafutia nafasi nyingine. Ishyo, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 2007 na Carole Karemera pamoja na wanawake wenzake, ni miongoni mwa juhudi zilizozaliwa katika mazingira hayo. Kumbi kubwa zilizofuata, kama Kigali Convention Centre mwaka 2016 na uwanja wa ndani ulioko Remera, uliofunguliwa mwaka 2019 ukiwa na nafasi za watu wapatao 10,000, zina umeme na taa nyingi, lakini zilijengwa kwa mikutano, michezo na matamasha, si kwa mwili mmoja unaocheza katika ukimya.

5. Nuru na giza baada ya 1994

Hakuna historia ya mwanga jijini Kigali inayoweza kuyapita mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika maadhimisho ya Kwibuka, mwenge huwashwa kila tarehe 7 Aprili kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi na kuwaka kwa siku 100. Mwaka 2014, katika maadhimisho ya miaka 20, mwenge uitwao Urumuri Rutazima, yaani nuru isiyozimika, uliondoka Gisozi tarehe 7 Januari na kuzunguka wilaya zote 30 za nchi. Mikesha ya mishumaa imekuwa sehemu ya maombolezo ya umma. Katika muktadha huu nuru ni uhai, na giza ni kifo.

Lakini ushuhuda wa manusura unatia ugumu katika mlinganyo huo. Huko Bugesera, watu waliojificha katika mabwawa ya mafunjo waliwindwa mchana. Jioni wauaji waliporudi makwao, ndipo waliojificha walipotoka kutafuta chakula, kuzika na kuhesabiana. Kwao mchana ulikuwa hatari na giza lilikuwa stara. Kuangazwa kulikuwa sawa na kugunduliwa. Mtunzi wa dansi anayemwelekezea mchezaji taa kali ya ghafla akidhani anampa matumaini anaweza, mbele ya hadhira ya Kigali, kuwa anamfichua. Na anayemwachia mchezaji giza anaweza kuwa anampa hifadhi.

Hapa ndipo mwanga unapokuwa suala la maadili na si la urembo tu. Watunzi wa Rwanda wa kizazi cha baada ya 1994 wamefanya kazi katika mazingira haya. Dorothée Munyaneza, aliyezaliwa Kigali mwaka 1982 na kuihama nchi baada ya mauaji hayo, alitunga *Samedi détente* mwaka 2014 kutokana na kumbukumbu za msichana wa miaka 12. Wesley Ruzibiza, mwanzilishi wa kundi la Amizero, aliasisi jijini tamasha la dansi la East African Nights of Tolerance, ambalo tayari katika jina lake linauita usiku kuwa wakati wa watu kukutana na kuvumiliana. Baadaye aliteuliwa, pamoja na Alesandra Seutin, kuongoza kisanaa École des Sables ya Germaine Acogny nchini Senegali.

Tamasha la Ubumuntu, lililoanzishwa na Hope Azeda mwaka 2015, linatoa mfano ulio wazi zaidi. Jina lake lina maana ya utu. Hufanyika mwezi Julai katika ukumbi wa wazi wa Kumbukumbu ya Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Karibu na ikweta jua hutua mwaka mzima panapo saa kumi na mbili jioni, na magharibi ni fupi. Onyesho linaloanza saa hiyo huanza kwa nuru ya anga na, kabla ya nusu saa kwisha, huwa limehamia katika nuru ya taa. Mpito huo hauhitaji fundi. Watazamaji huuona wakiwa bado wanaonana, huku taa za mji zikiwaka moja moja kwenye vilima vya mbele. Kwa muda huo mfupi, uhusiano wa igitaramo hurudi.

6. Mwanga katika lugha

Maarifa yasiyo na majina hayarithishwi kwa urahisi. Mwaka 2008 Rwanda ilibadilisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, hivyo msamiati wa kiufundi unaofika jukwaani hutegemea fundi alisoma lini. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi. Swali ni kama kinaweza kuwa lugha ya kazi jukwaani, kando ya Kinyarwanda.

Ulinganisho wa lugha hizi mbili unatia moyo. Kinyarwanda kina *urumuri*, yaani nuru ya mwenge au taa, na *kumurika*, yaani kuangaza na pia kuonyesha hadharani. Kiswahili kina *kumulika* na *kimulimuli*. Kinyarwanda kina *umucyo*, ung’avu wenye mzizi mmoja na kucha kwa alfajiri. Kiswahili kina *kucha*, na kutokana nacho *kukesha* na *mkesha*. Mizizi hii ni ya Kibantu, na imebeba fikra pana kuliko kuona tu. Kumulika ni kuangaza na pia kufichua, na Kiswahili chenyewe hakina usahili kuhusu nuru, kwani *mwanga* ni ung’avu lakini pia ni mchawi atembeaye usiku.

Kutokana na akiba hiyo inawezekana kusanifu istilahi zinazoeleweka: *mmulikaji* kwa mtu anayebuni mwanga wa onyesho, ili atofautishwe na fundi umeme, *mwanga wa ubavuni*, *mwanga wa nyuma* na *mwanga wa nyayo* kwa mielekeo, *kufifisha* na *kukoleza* kwa viwango, na *mpango wa taa* kwa mchoro unaoonyesha kila taa imewekwa wapi na huwaka lini. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, zina nafasi ya pekee ya kuzijadili istilahi hizi na kuzifundisha kwa vitendo.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha vyanzo vinne vya mwanga: jua, moto, umeme na mwenge wa kumbukumbu. Kila kimoja kimeamua nani anaonekana, nani anaona, na nani anaruhusiwa kujificha. Kwa msingi huo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, kila rekodi ya ngoma, ikiwemo ile itakayotokana na kuorodheshwa kwa Intore, ieleze saa ya uchezaji, chanzo na upande wa mwanga, na kama watazamaji walikuwa wakionekana. Video peke yake haitoshi, kwa kuwa kamera hujirekebisha yenyewe na huweza kuufanya usiku uonekane mchana. Pili, mpango wa taa wa kila onyesho linalofadhiliwa kwa fedha za umma uwekwe katika hifadhi pamoja na muziki na maandishi yake. Tatu, kabla ya kununua taa mpya, mamlaka zinazohusika zifundishe wamulikaji, na wachezaji wakongwe wahusishwe katika mafunzo hayo, kwa sababu wao ndio wanaojua kipi katika ngoma hakipaswi kufichwa.

Pendekezo la kwanza ndilo la haraka na lenye gharama ndogo zaidi: linahitaji safu moja tu katika fomu ya mkusanyaji. Ndilo pia ambalo ucheleweshaji wake hautarekebishika. Wazee waliocheza igitaramo mbele ya moto wanapungua, na taa za ukumbini haziwezi kueleza moto ule uliangaza nini. Wahenga walisema, umulikapo nyoka, anza miguuni pako. Uhifadhi wa ngoma za ukanda huu nao hauna budi kuanza na nyayo za mchezaji na mwanga uliozifikia.